Ungo wa mto: jinsi platini inavyofika kwenye mchanga

Mwanamke anapopepeta mchele hana haja ya kuchambua punje moja moja. Anautikisa ungo, pumba zinapeperuka, na kilicho kizito kinabaki. Mito nayo hufanya kazi ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba mto hutumia maji badala ya upepo, na muda wake huhesabiwa kwa maelfu na mamilioni ya miaka.

Katika makala hii tunaeleza jinsi mito inavyopepeta metali iitwayo platini, pamoja na ndugu zake, na kuikusanya kwenye mchanga na kokoto. Mfano wetu mkuu ni mkoa wa Chocó, magharibi mwa nchi ya Colombia huko Amerika ya Kusini, ambako watu wengi ni wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Huko ndiko elimu ya kisasa ya platini ilikoanzia, na huko hadi leo wanawake na wanaume wanaiosha kwa mikono.

Tumeichagua habari hii kwa sababu wasomaji wetu wengi wanaishi au wanafanya kazi miongoni mwa wachimbaji wadogo. Anayeosha mchanga kwa karai Geita, Migori au Ituri anafuata kanuni zile zile anazofuata mama wa Chocó. Anayefahamu kazi iliyofanywa na mto hupoteza kidogo, hadanganyiki kirahisi, na anajua ni kitu gani kinaharibika mto unapopinduliwa.

Ndugu sita

Platini haitembei peke yake. Iko katika ukoo wa metali sita: platini, paladi, rodi, rutheni, osmi na iridi. Zote ni adimu, ni nzito, haziliwi na kutu kirahisi, na huyeyuka kwa moto mkali sana. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, lakini platini husubiri hadi nyuzi 1,768. Ndiyo maana moto wa mkaa wa sonara unaoyeyusha dhahabu hauiwezi platini.

Metali hizi zinatumika kuliko watu wengi wanavyodhani. Ziko ndani ya vifaa vinavyosafisha moshi wa magari. Nyavu za platini na rodi hutumika viwandani kutengeneza asidi ya nitriki, ambayo ni msingi wa mbolea nyingi. Dawa ya saratani iitwayo sisplatini, inayotumika hospitalini tangu miaka ya 1970, ina platini ndani yake.

Mtoni, platini haipatikani ikiwa safi kabisa. Punje nyingi ni mchanganyiko wa asili wa platini na chuma, zenye rangi ya kijivu cheupe kama chuma cha pua. Nyingine ni mchanganyiko wa osmi na iridi, nazo ni ngumu zaidi. Punje nyingi ni ndogo kama chembe za chumvi au sukari.

Mwamba zilikozaliwa

Punje hizi hazikuzaliwa mtoni. Zilitoka kwenye mwamba, na si kila mwamba unaweza kuzizaa.

Chini sana ya miguu yetu, miamba ikipata joto la kutosha huyeyuka na kuwa ujiuji wa moto uitwao magma. Magma nyingine hutoka kina kirefu zaidi na huwa na chuma na magnesi kwa wingi. Inapopanda na kukwama kabla ya kufika juu, hupoa polepole. Madini ya kwanza kuganda huzama na kujikusanya, na hapo hutokea mwamba mzito wa rangi ya kijani kilichoiva au nyeusi. Mmojawapo wa miamba ya aina hii huitwa dunaiti.

Ndani ya dunaiti kuna mafundo na mistari myeusi ya madini yaitwayo kromiti. Mara nyingi punje za platini huganda humo humo, karibu na kromiti au ndani yake. Ndiyo maana mtafutaji wa platini hutazama kwanza kama kuna mwamba wa giza wenye kromiti mahali fulani upande wa juu wa mto.

Chocó ina miamba ya namna hiyo. Kwenye chemchemi za mto Condoto, upande wa magharibi wa safu ya milima ya Andes, kuna mwamba mkubwa uliopanda kutoka chini takribani miaka milioni 20 iliyopita. Kiini chake ni dunaiti, na kukizunguka kuna miamba mingine ya giza iliyojipanga kama maganda ya kitunguu. Miamba yenye umbo hilo iko pia katika milima ya Ural nchini Urusi na katika jimbo la Alaska nchini Marekani, na kote huko mito inayotoka juu yake imekuwa na platini.

Jambo la kukumbuka ni hili: ndani ya mwamba wenyewe platini ni chache mno na imetawanyika. Mtu akivunja dunaiti kwa nyundo kutwa nzima anaweza asione hata punje moja. Utajiri wa Condoto na wa Ural haukuwa ndani ya mlima. Uliletwa na kukusanywa na maji.

Mvua inavunja mlima

Hatua ya kwanza hufanyika kabla mto haujaanza kazi. Mwamba wa giza haudumu katika nchi yenye joto na mvua. Maji huingia kwenye nyufa, sehemu kubwa ya madini ya mwamba huoza na kuwa udongo mwekundu au wa kahawia, na udongo huo huchukuliwa na mvua. Mkoa wa Chocó ni miongoni mwa sehemu zinazonyeshewa kuliko zote duniani. Mji wake mkuu, Quibdó, hupata zaidi ya milimita 7,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100.

Lakini si kila kitu kinaoza. Kromiti hubaki, na platini hubaki zaidi. Udongo unapoondoka, punje hizi nzito zinakaa pale pale juu ya mwamba uliooza au zinateremka kidogo kidogo kwenye mteremko. Mahali pengine watu hawangoji mto. Huko Yubdo, magharibi mwa Ethiopia, platini ilianza kuchimbwa miaka ya 1920 kutoka kwenye udongo mwekundu uliolala juu ya dunaiti yenyewe, na pia kwenye vijito vinavyotoka hapo.

Kwa hiyo tunaweza kuzipata punje hizi katika hatua tatu za safari yake: juu ya mwamba ulioziachia, kwenye mteremko chini ya mwamba huo, na ndani ya mto. Katika hatua ya tatu ndipo ungo wenyewe unapoanza kutikiswa.

Kwa nini maji yanaweza kuchagua

Tuchukue chombo cha lita moja. Kikijazwa maji, maji hayo yana uzito wa kilo 1. Kama lita hiyo ingekuwa jiwe tupu la mchanga mweupe wa kawaida, lisilo na nafasi katikati, ingekuwa na kilo 2.65. Ikiwa ni magnetiti, yaani yale madini meusi yanayovutwa na sumaku, ingekuwa na kilo 5.2. Ikiwa ni dhahabu safi ingefikia kilo 19.3, na platini safi kilo 21.45. Platini ya mtoni, kwa kuwa imechanganyika na chuma, ingekuwa na kati ya kilo 14 na 19.

Nje ya maji, punje ya platini yenye uzito wa kilo 17 kwa lita inaizidi punje ya mchanga ya ukubwa ule ule zaidi ya mara sita. Ndani ya maji pengo hilo linaongezeka, kwa sababu maji hubeba sehemu ya uzito wa kila kitu kilichozama. Kila lita inapunguziwa kilo moja. Mchanga unabaki na kilo 1.65 na platini inabaki na kilo 16. Sasa platini ni nzito karibu mara kumi. Ndiyo maana karai likitikiswa ndani ya maji hutenganisha vizuri kuliko likitikiswa kavu.

Mto ukifurika huinua mchanga, kokoto na punje nzito pamoja. Nguvu ya maji inapopungua, punje nzito huanguka kwanza. Mafuriko yanayofuata huja kuchukua mchanga mwepesi na kuacha zile nzito, nazo huendelea kupenya kati ya kokoto hadi zigonge kitu kisichopitika. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya mafuriko maelfu kwa maelfu, tabaka dogo la kokoto linaweza kuwa na platini nyingi kuliko mwamba ulioizaa.

Umbo la punje nalo lina kazi yake. Punje nene ya mviringo huzama upesi na kukaa karibu na mwamba mama. Punje nyembamba kama ganda la kitunguu huelea kwa urahisi na kusafiri mbali. Dhahabu ni laini, hivyo hupondwapondwa na mawe na kuwa bapa. Punje za platini na chuma ni ngumu kidogo kuliko dhahabu, na zile za osmi na iridi ni ngumu zaidi. Mchimbaji anayeona punje zenye kona kali, au zilizoshikana bado na kipande cheusi cha kromiti, anaweza kuamini kwamba mwamba mama hauko mbali.

Mahali ambapo mto huficha

Wachimbaji wenye uzoefu hawachimbi popote. Hutafuta sehemu ambazo maji hupunguza nguvu ghafla au hukuta kizuizi. Sehemu kuu ni hizi:

- Juu ya mwamba wa chini. Punje nzito huteremka kati ya kokoto hadi mwamba uzizuie. Kokoto za juu zinaweza kuwa tupu kabisa, na sentimita chache za mwisho zikawa na karibu kila kitu.
- Kwenye nyufa na mashimo ya mwamba huo. Nyufa zinazokatiza njia ya maji hunasa zaidi kuliko zile zinazofuata mkondo.
- Upande wa ndani wa kona ya mto. Huko maji huenda polepole na kuacha mizigo yake, wakati upande wa nje hukatwa.
- Nyuma ya mawe makubwa na chini ya maporomoko, ambako maji hujizungusha.
- Pale bonde jembamba linapofunguka kuwa pana, au mto mdogo unapoingia kwenye mto mkubwa.
- Kwenye matuta ya kale. Mto unapozidi kuchimba bonde lake, huacha kokoto za zamani zikiwa zimening'inia juu ya kingo. Huko Chocó matuta ya namna hiyo yamechimbwa tangu enzi za watumwa.

Mito mingine imekufa zamani sana, lakini kazi yake bado ipo. Miamba ya Witwatersrand nchini Afrika ya Kusini ina kokoto zilizolazwa na mito zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kisha zikagandamana na kuwa mwamba mgumu. Ndani yake, pamoja na dhahabu, kuna punje za mviringo za osmi na iridi zilizosagwa na maji ya wakati huo.

Punje ni barua kutoka juu

Punje ya platini mtoni ni habari iliyotumwa kutoka upande wa juu. Atakayeifuata kwa uvumilivu, akiosha mchanga wa kila kijito na kuandika alichokipata, anaweza kufika ilikotoka.

Mwaka 1924 mkulima mmoja wa Afrika ya Kusini, Andries Lombaard, aliosha mchanga wa kijito kikavu katika shamba la Maandagshoek akapata punje nyeupe nzito. Zilimfikia mwanajiolojia Hans Merensky, ambaye alifuata dalili hizo hadi kwenye mwamba wenyewe. Tabaka walilolipata limepewa jina lake, nalo linaendelea chini ya ardhi kwa mamia ya kilomita. Leo Afrika ya Kusini inatoa zaidi ya nusu ya platini mpya ya dunia, karibu yote kutoka kwenye migodi ya miamba migumu.

Hata hivyo tusikimbilie kuamini kwamba kila punje inaelekeza kwenye mgodi mkubwa. Huko Ural metali nyeupe ilionekana kwenye mchanga wa dhahabu mwaka 1819. Kuanzia mwaka 1824 mito yenye platini nyingi iligunduliwa, na kati ya 1828 na 1845 Urusi ilitengeneza hata sarafu za platini. Kwa miaka mingi nchi hiyo iliongoza dunia nzima kwa platini. Lakini sehemu kubwa ya utajiri huo ilitoka kwenye mchanga wa mito. Condoto ni vivyo hivyo. Mahali pengine mto hutangaza hazina iliyo mlimani, na mahali pengine mto wenyewe ndio hazina. Jamii inayoahidiwa mgodi mkubwa, kazi na barabara kwa sababu ya punje chache kwenye karai inapaswa kuuliza kwanza: je, mwamba umechunguzwa, au ni mchanga tu?

Metali iliyotupwa mtoni

Kabla ya Wazungu kufika, mafundi wa utamaduni wa La Tolita, kwenye pwani ya mpaka wa Ecuador na Colombia, walikuwa wamekwisha gundua njia ya kuitumia platini. Moto wao haukuweza kuiyeyusha, kwa hiyo walichanganya punje zake na dhahabu. Dhahabu ikayeyuka na kuzishikamanisha punje, nao wakafua na kupasha moto tena na tena hadi kikawa kitu kimoja.

Wahispania walipoanza kuchimba dhahabu Chocó, waliiona platini kama usumbufu. Hata jina lake, 'platina', ni neno la Kihispania la kudharau lenye maana ya 'vifedha vidogo'. Waliofanya kazi hiyo mtoni ni wenyeji wa Chocó, na baadaye Waafrika waliotekwa na kuuzwa. Ofisa wa Kihispania Antonio de Ulloa aliandika habari za metali hii katika kitabu kilichotoka mwaka 1748, na wataalamu wa Ulaya wakaanza kuichunguza. Wakati huo serikali ya kikoloni iliogopa kwamba watu wangeichanganya na dhahabu kwa udanganyifu, kwa kuwa uzito wake unakaribiana na wa dhahabu. Ikaamuru platini itenganishwe na kutupwa mtoni. Mafundi wa Ulaya walipojifunza kuifua mwishoni mwa karne ya 18, kilichotupwa kikaanza kutafutwa.

Utumwa ulifutwa nchini Colombia kwa sheria ya mwaka 1851. Watu walioachwa huru walikaa kando ya mito, wakilima, wakivua na kuosha dhahabu na platini kwa sinia la mbao liitwalo batea. Katika karne ya 20 makampuni ya kigeni yalileta mitambo mikubwa inayoelea, iliyokokoa sakafu ya mito ya San Juan na Condoto kwa miaka mingi. Makao ya kazi hiyo yalikuwa Andagoya, mahali mito hiyo miwili inapokutana. Mitambo ilipoondoka, marundo ya mawe yalibaki kandokando ya maji.

Namna tatu za kuipoteza

Yapo mambo ambayo mchimbaji yeyote anapaswa kuyajua, hata kama kwa sasa anatafuta dhahabu peke yake.

Zebaki haiikamati platini. Dhahabu hushikamana na zebaki, lakini platini ya mtoni kwa kawaida hukataa. Anayemwaga mchanga mweusi baada ya kutumia zebaki anaweza kuwa anamwaga platini pamoja nao, na juu ya hayo ametia sumu kwenye maji anayokunywa yeye na jirani zake.

Sumaku inaweza kudanganya. Wengi husafisha mchanga mweusi kwa kuondoa magnetiti kwa sumaku. Kwa sababu platini ya mtoni ina chuma, baadhi ya punje zake huvutwa pia. Ni vema kuukagua mchanga uliovutwa na sumaku kabla ya kuutupa.

Moto si kipimo cha nyumbani. Mtu anaweza kudhani atatambua platini kwa kuichoma. Lakini punje zenye osmi zikipashwa moto sana hewani hutoa mvuke wenye sumu unaodhuru macho na mapafu. Na punje nyeupe inaweza kuwa dhahabu iliyopakwa zebaki, ambayo ikichomwa hutoa mvuke hatari kwa wote waliomo ndani, hasa watoto na akina mama wajawazito.

Yapo majaribio machache yasiyo na hatari. Risasi ni laini na hukatwa kwa kisu. Kipande cha chuma cha kawaida hushika kutu kikiachwa kwenye maji kwa siku chache. Galena, ambayo ni madini ya risasi yanayong'aa, hupasuka katika vipande vya pembe nne ikigongwa. Punje ya platini na chuma ikigongwa polepole kwa nyundo hubonyea bila kuvunjika, nayo haishiki kutu. Majaribio haya yanaondoa vinavyofanana na platini, lakini hayathibitishi. Uthibitisho hutoka maabara. Nchini Tanzania Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) iko Dodoma, na Uganda ina idara ya jiolojia na migodi huko Entebbe. Tuseme pia wazi kwamba punje nyingi za kijivu zinazoonekana kwenye karai si platini.

Ungo hautikiswi mara mbili

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mabaraza ya jamii za watu weusi katika wilaya za Condoto na Tadó yalishiriki katika mpango ulioitwa Oro Verde, yaani 'dhahabu ya kijani'. Familia zilizojiunga zilikubali kutotumia zebaki wala sayanidi. Udongo wa juu uliwekwa kando na kurudishwa kazi ilipokwisha, na ardhi ilitakiwa kupona ndani ya miaka mitatu. Katika kuosha mwisho, walitumia majimaji yenye utelezi yanayokamuliwa kutoka kwenye majani ya mimea ya kwao, ili mchanga mwepesi uelee na metali zizame. Dhahabu na platini yao iliuzwa kwa bei ya ziada kwa wanunuzi waliojali ilivyochimbwa. Msingi wa mpango huo ulikuwa Sheria namba 70 ya mwaka 1993, iliyozitambua jamii hizo kuwa wamiliki wa pamoja wa ardhi za kando ya mito, ingawa madini yaliyo chini yalibaki mali ya serikali, kama ilivyo katika nchi zetu nyingi.

Familia hizo hazikuacha mashamba. Walichimba siku kadhaa, wakalima na kuvua siku nyingine. Walijua hekima ya wahenga wetu hata kama hawakuisikia kwa Kiswahili: usiache mbachao kwa msala upitao.

Wakati huo huo, mashine za kuchimba na mitambo inayoelea iliingia katika sehemu nyingi za Chocó bila kibali. Zinachimba kwa juma moja eneo ambalo familia ingelichimba kwa miaka. Zinaacha mashimo yenye maji yaliyotuama, ambamo mbu wa malaria huzaliana, na maji ya tope ambamo samaki hawaonekani. Mwaka 2013 sheria ya Colombia iliagiza zebaki ikome kutumika katika uchimbaji ifikapo 2018. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilitoa hukumu kwamba mto Atrato, jirani ya San Juan, una haki zake wenyewe za kulindwa na kurejeshwa katika afya. Hukumu ilitokana na malalamiko ya jamii za kando ya mto huo. Kuitekeleza kumekuwa kazi ngumu, lakini imewapa watu mahali pa kusimama.

Hapa elimu ya miamba inatusaidia kupima mambo. Tumeona kwamba platini ya Condoto ilihitaji mwamba kuzaliwa chini ya ardhi, mlima kuoza kwa mvua, na mafuriko yasiyohesabika kuchagua punje kutoka kwenye mchanga. Kokoto zikishapinduliwa na kuoshwa, mto hauanzi tena mwakani. Watoto wa watoto wetu hawataishi muda wa kutosha kuona ungo huo ukijaa tena. Kwa hiyo swali la nani anachimba, kwa kasi gani, na nini kinabaki nyuma, si la wataalamu na wanunuzi peke yao. Ni swali la kila anayechota maji kwenye mto huo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika mto ulio karibu nasi, ni sehemu zipi zinazoweza kukusanya punje nzito? Nani katika jamii yetu anazifahamu tayari?
- Wachimbaji wa kwetu hufanya nini na mchanga mweusi unaobaki? Umewahi kupimwa maabara?
- Zebaki inatumika wapi kwetu, na moshi wake unavutwa na nani? Tunaweza kuanza na hatua gani kuipunguza?
- Mchimbaji akiuza punje ambazo hazijui, nani ananufaika? Kikundi kinaweza kufanya nini ili wanachama wajue wanachouza?
- Shimo likiisha kazi, nani ana wajibu wa kulifukia? Tumekubaliana hivyo kabla ya kuanza kuchimba, au tunangoja hadi baadaye?